Kupokea Tu, Mheshimiwa

Usigeuze uso. Siku ile ilipotangazwa kwenye taarifa ya habari kwamba nchi imekubali, ulikuwa sebuleni kwako, rimoti mkononi. Ulisikia neno mkataba, ukasikia neno kidijitali, ukajisemea hayo ni mambo ya wakubwa, ukahamia kwenye mpira. Ndivyo ulivyofanya walipong'oa reli wakasema inakwenda kusafishwa. Ndivyo ulivyofanya mwaka wa kuhesabu mbuzi, walipokuja na madaftari wakasema ni kwa ajili ya visima. Kisima hakikuchimbwa hata kimoja, ila tangu siku hiyo mkuu wa wilaya alijua mbuzi mnono yuko boma gani, na wageni wake wakija hawaulizi njia. Wapo wanaokumbuka yote hayo, mpaka rangi ya shati la yule aliyehesabu. Wewe unakumbuka nani alifunga dakika ya themanini.

Basi kaa chini leo usikie habari za Jamhuri ya Makofi, nchi isiyo na uhusiano wowote na ile unayoijua, ambayo viongozi wake hawafanani na mtu hata mmoja. Ukimwona humo unayemfahamu, macho yako ndiyo yana kasoro.

Katika Wizara ya Mambo ya Nje na Mitandao ya nchi hiyo alikuwapo karani mkuu wa masijala, mama wa makamo aitwaye Perusi Kalimanzila. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na alijua kila jalada lilipo kama mpishi anavyojua chumvi ilipo.

Ni lazima uelewe jambo moja kuhusu ofisi za Makofi. Kule afisa hakubali kitu. Kukubali kuna hatari, maana aliyekubali leo anaweza kuulizwa kesho. Afisa wa Makofi hupokea. Karatasi ikiletwa, karani hufungua daftari la kupokelea mbele ya mkubwa, huweka kidole penye mstari, husema kwa upole, "Kupokea tu, Mheshimiwa," na mkubwa husaini akiwa anatazama dirishani. Kisha kwenye jalada huandika, "Nimeona. Endelea." Jalada hupanda ghorofa moja, aliye juu naye anaona, naye anaagiza liendelee, hadi linafika kwa wa juu kabisa, ambaye kwa kuwa hana wa juu yake hulirudisha chini. Kwa njia hiyo Makofi ilijenga daraja lisilo na mto na ikapigana vita viwili vidogo. Tume tatu ziliundwa kumtafuta aliyekubali. Hazikumpata, kwa sababu hakuwahi kuwapo.

Perusi aliipenda kazi yake. Hakuna saini iliyowahi kupotea mikononi mwake. Kumbuka hilo unapotaka kumlaumu, maana yeye mwenyewe amekwisha kujilaumu kukushinda.

*

Neno "na Mitandao" liliongezwa kwenye jina la wizara baada ya Rais kuambiwa kwamba siku hizi mataifa hayazungumzi tena kwa mabalozi, yanazungumza kwa data. Rais aliuliza kama Makofi inayo. Akajibiwa ipo nyingi, imekaa tu. Akaagiza itafutiwe kazi.

Waziri alikuwa Mheshimiwa Dokta Polikarpo Tindwa. Udokta wake ulitoka chuo kikuu kilichofunguka kwenye simu yake siku moja na kufungika baada ya mahafali. Alikuwa na mtu wa kumshikia simu ya kwanza na mtu wa kumshikia simu ya pili, na kwa simu hizo aliendesha uhusiano wa kimataifa: akiamka anapongeza, mchana analaani, jioni anatoa pole. Mara moja zilichanganyika, akampongeza rais jirani kwa mafuriko.

Ulipoitishwa Mkutano wa Dunia wa Utawala wa Mtandao, katika mji mmoja wa baridi wenye ziwa na saa nyingi, Makofi ilipeleka ujumbe wa watu sitini na wanne. Wawili kati yao walijua mtandao ni nini, nao walinyimwa viza. Perusi alipelekwa kwa sababu Waziri wa Makofi hawezi kugusa karatasi bila karani wa masijala kuwepo.

Hotuba ya Waziri iliandikwa na akili mnemba. Ilikuwa hotuba nzuri yenye sauti ya bahari. "Sisi watu wa pwani," alinguruma Dokta Tindwa, "tuliozaliwa na chumvi midomoni, tunaitazama data kama tunavyotazama mawimbi." Makofi haina pwani. Bahari iliyo karibu iko nchi tatu mbali. Ila ujumbe mzima ulisimama ukapiga makofi dakika sita, na kwa kuwa hotuba ya Waziri haiwezi kukosea, waliporudi nyumbani mtu mmoja aliteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Bandari. Yupo mpaka leo. Amepewa ofisi, gari, na nanga moja iliyowekwa mapokezi.

Siku ya mwisho ndipo alipowajia balozi wa Wingu Jema. Wingu Jema si nchi, ni kampuni, ila ni kubwa kuliko nchi, kwa hiyo nayo ina mabalozi. Alikuwa mtu wa tabasamu na raba nyeupe, mikononi ana kishikwambi. Aliangaza ujumbe wote, akamwona mwanamke mmoja aliyebeba daftari, akajua huyo ndiye mwenye kazi. Akampa kile kishikwambi.

Humo mlikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili, na mwisho wake kisanduku cha kijani kilichoandikwa, kwa lugha zote hata ya Makofi: NAKUBALI.

Perusi alikishika kile kishikwambi kama alivyoshika madaftari miaka ishirini na sita. Akakisogeza mbele ya Waziri, akaweka kidole kando ya kile kisanduku, akasema kwa upole, "Kupokea tu, Mheshimiwa."

Dokta Tindwa alikuwa anachagua picha yake ipi ionekane na ziwa. Akabonyeza bila kugeuka.

Ikalia kengele ndogo, na watu sitini na wanne wakapiga makofi.

*

Mambo yaliyokubaliwa ni haya. Herufi mbili zinazomalizia kila anwani ya mtandao ya nchi zikawa mali ya Wingu Jema. Kura ya Makofi katika mikutano yote ya mtandao duniani ikakabidhiwa Wingu Jema kwa miaka thelathini, ili kuwapunguzia wananchi usumbufu wa kufikiri. Kura hiyo ilianza kazi mara moja: ilikuwa inapigwa kabla swali halijaulizwa. Na Daftari la Taifa la Walio Hai, lenye majina na vidole na magonjwa ya watu wote, likaingia kwenye mitambo ya Wingu Jema, itakayokaa ndani ya Makofi lakini juu ya ardhi ya Wingu Jema. Kitu hicho huitwa Ubalozi wa Data.

Ubalozi ulihitaji chumba. Wizara ikatoa kile kilichokuwa ghala la majalada, mlango wa pili kutoka masijala, ghorofa ya chini. Majalada yalitupwa uani yakanyeshewa. Bendera yenye wingu ikapandishwa. Wimbo wa taifa lao ni mlio wa mtambo unapowashwa, na wafanyakazi wa wizara wakiusikia husimama wima kwenye korido hata kama wamebeba sahani. Baridi ya humo ilikuwa ya kushangaza. Katika nchi ambayo wodi ya wazazi haina feni, vyuma vile viliishi kama wafalme.

Afisa viza wa ubalozi akawa Zabloni Chonya, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa mhudumu wa chai wa wizara. Alipewa tai na muhuri.

*

Sasa mtazame mama yake Perusi, Bibi Eufrazia, maana habari yote hii inamhusu yeye.

Bibi Eufrazia alikata mkonge miaka thelathini na moja. Mkonge humla mtu vidole polepole. Ncha za vidole vyake ni laini kama kijiko, hazina mstari hata mmoja. Ana ugonjwa wa sukari, na kila mwezi huenda zahanati kuchukua dawa yake ya sindano. Mwezi wa pili baada ya mkataba alikwenda na Perusi, wakakuta kifaa kipya juu ya meza. Kila mgonjwa ahakikiwe uhai, kisha friji la dawa lijifungue lenyewe. Bibi akaweka kidole. Akaweka cha pili. Akaviweka vyote kumi, kimoja kimoja, kama mtu anayepiga kinanda. Kifaa kikaandika: HAYUPO.

"Hayupo nani?" akauliza Bibi.

"Wewe, bibi," akasema mfamasia, mwanamke mpole aliyeonekana kuchoka. "Pole."

"Wewe unaniona?"

"Nakuona."

"Nimekusalimia?"

"Umenisalimia, bibi. Lakini mfumo haukuoni."

"Kati yako na huo mfumo, nani ana macho?"

"Mimi nina macho, bibi. Mfumo una ufunguo wa friji."

Perusi alisimama pale na mkoba wake wa ofisini, na maneno yake mwenyewe yakamrudia masikioni, kwa sauti ileile ya upole. Kupokea tu. Nyumbani ilibaki chupa moja ya dawa, imehifadhiwa ndani ya mtungi wa maji. Ingetosha siku ishirini.

Njiani Bibi alikuwa anacheka. "Nikirudi nitalala kitandani kwako, maana mimi ndiye Hayupo, na Hayupo hana kitanda chake. Na kikombe cha uji sitaosha, atakayeulizwa ni nani?" Perusi hakucheka.

*

Aliandika dokezo, akaeleza kila kitu. Lilipanda ghorofa saba na kushuka. Liliporudi lilikuwa na saini saba na maneno saba yanayofanana: Nimeona. Endelea.

Akaenda ubalozini, hatua kumi na nne kutoka mezani kwake.

"Jina kamili," akasema Chonya kupitia kidirisha.

"Chonya, mdogo wangu, tumekunywa chai pamoja miaka kumi na moja."

"Ulikunywa wewe, dada. Mimi nilikuwa namimina. Jina kamili."

"Perusi Kalimanzila."

"Unatokea wapi?"

"Hapo kwenye korido."

Chonya akaandika Makofi. "Kusudi la safari?"

"Kumwona anayeweza kurekebisha daftari. Mama yangu yu hai."

"Utakaa siku ngapi?"

"Dakika tano."

"Fomu inaanzia siku tatu."

"Basi tatu."

"Una uthibitisho gani kwamba utarudi kwenu?"

"Humo kuna nini cha kunifanya nibaki?"

Chonya akatazama nyuma, akashusha sauti. "Kiyoyozi, dada. Naibu Katibu Mkuu aliingia Jumatatu kwa ziara ya ujirani mwema. Hajatoka."

Perusi alichungulia. Mle ndani, kwenye msumari ulioko tangu enzi za ghala, ulining'inia mwavuli wake. Akaomba apewe hata huo. Chonya akamweleza kwa heshima kwamba ule umo katika himaya ya Wingu Jema, na kwamba serikali yake inaweza kuomba urejeshwe kwa njia za kidiplomasia. Kisha akabonyeza bonyeza, akatikisa kichwa.

"Imekataliwa. Unamwombea mtu asiyekuwepo."

"Aliyekataa ni nani, nikamwone?"

"Hakuna mtu, dada. Ni mfumo wenyewe. Ndiyo maana haukosei."

Akaenda kwa Waziri. Dokta Tindwa alikuwa amekaa katikati ya simu zake mbili.

"Mheshimiwa, nimekuja kwa ajili ya ile NAKUBALI uliyobonyeza kule ziwani. Uifute."

"Mama Perusi, mimi sikukubali kitu. Mimi nilipokea. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema, Mheshimiwa. Nilikosea."

"Ulisema kupokea tu. Nina masikio."

"Basi waambie hivyo Wingu Jema."

"Nimewaambia. Wao wanasema nilikubali. Wana lao, nami nina langu, na hiyo, mama, ndiyo diplomasia." Akajiegemeza, akapendezwa na alichosema, akaamuru mtu wa simu ya kwanza akiandike.

"Na mama yangu? Dawa ina siku kumi na tatu."

Uso wa Waziri ukaingia huzuni mara moja, huzuni ya mtu aliyeizoea kazi hiyo. "Hapo nakupa pole." Akamgeukia mtu wa simu ya pili. "Tuma. Tumempoteza mama shupavu wa taifa. Weka na lile ua."

Kabla Perusi hajafika chini, watu elfu nne walikuwa wameipenda ile pole. Mmoja wao, huenda, ni wewe.

*

Hapo Perusi akafanya jambo ambalo mtumishi wa Makofi hajapata kulifanya tangu bendera ipandishwe. Alisoma.

Aliuchapisha mkataba wote, akauweka mezani, akausoma kutwa nzima siku nne, na watu wakipita dirishani walionyeshana. Kifungu cha 388 kilihusu rangi ya mapazia. Cha 390 kilihusu kufuta vumbi kwenye nyaya. Katikati yao kulikuwa na mistari mitatu. Raia elfu moja walio hai kwa mujibu wa Daftari wakiandika kwa mkono wao, mbele ya karani wa masijala, kwamba hawakuulizwa, na wakifanya hivyo ndani ya siku tisini tangu ulipokubaliwa, mkataba utasimama na Daftari litarudi.

Sheria za kwao ndizo zilizowalazimisha Wingu Jema kukiweka kifungu hicho. Mawakili wao walikipima vizuri kabla ya kukiacha. Waliwatazama watu wa Makofi, wakaona hakuna hatari. Walikuwa wanakutazama wewe.

Perusi alifungua daftari jipya, akaweka meza mlangoni, akabandika tangazo.

Wa kwanza kuja walikuwa wasioonekana. Wakata mkonge, wapondaji wa kokoto, wanawake waliofua nguo za watu mpaka vidole vikafutika, fundi mmoja aliyeachia mkono kwenye mashine ya kukoboa. Mia sita na zaidi, foleni imetoka nje mpaka kwenye nanga ya Mkurugenzi wa Bandari. Perusi aliwaeleza kwamba kifungu kinataka walio hai kwa mujibu wa Daftari. Walimsikiliza. Hakuna aliyeondoka. Akafungua daftari la pili akawaandika humo wote, ingawa halihesabiki, kwa sababu hakuwa na uso wa kuwaambia warudi.

Mama yake alikuwa wa tatu. "Niandikie hapo, marehemu Eufrazia," alisema. "Mkono wangu unatetemeka." Alikuwa amekwisha kuanza kuchoma nusu ya dozi, siri ambayo Perusi aliigundua kwa kuitazama chupa.

Walio hai walikuja kwa kudonoa. Mwalimu alisema ana mkopo, asijeonekana. Mchungaji alisema ataliombea. Kijana wa mitandaoni alipiga picha ya meza, akaandika maneno makali chini yake, akaondoka bila kusaini. Siku moja walishuka watumishi sabini na wawili wa wizara, kwa siri, mmoja mmoja, wamejaa ujasiri, na Perusi alipofungua daftari jioni ile akakuta wote sabini na wawili wameandika, "Nimeona. Endelea." Aliyakata maneno hayo kwa rula, mstari mmoja mmoja.

Siku ya themanini na nane Waziri alishuka mwenyewe. Hajapata kuonekana ghorofa ya chini kwa miguu yake.

"Mama Perusi, nimekuombea nafasi. Naibu Balozi wa Makofi katika Ubalozi wa Data. Utaingia humo bila viza."

"Na jina la mama yangu kwenye Daftari?"

"Ukiwa ndani utaweza kumrekebisha. Yeye peke yake. Hilo nimehakikishiwa."

Perusi alifunika kalamu yake. Usidhani hakutamani. Alifikiria friji likifunguka. Alimfikiria mama yake akirudi nyumbani na chupa mbili. Halafu akatazama lile daftari la pili, lile lisilohesabika, na foleni iliyokuwa bado imekaa chini kwenye korido ikimsubiri, ikiwa imenyamaza ili isikie atajibu nini.

"Andika ombi, Mheshimiwa," alisema. "Lete hapa. Nitalipokea."

Dokta Tindwa akatazama huku na huku akitafuta mtu wa simu ya kwanza. Akapanda juu.

Leo ni siku ya tisini. Kwenye daftari la walio hai kuna majina mia tisa themanini na nane. Bibi Eufrazia amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza kwa sababu amekataa kubaki nyumbani. Miguu imevimba, anasema watu wote waliopita mchana huu anawaona kama moshi, na chupa imekwisha tangu jana. Perusi anatazama saa, kisha mlango, kisha saa. Chonya amefunga kidirisha chake mapema. Masijala inafungwa saa tisa na nusu, na saa sasa ni nane kasoro.

Yanatakiwa majina kumi na mawili. Watu kumi na wawili tu ambao vidole vyao vinasomeka, kama hivi vyako unavyoshikia karatasi hii. Hutaandika hotuba. Utaandika jina lako lote, utaandika kwamba hukuulizwa, utatia saini. Ghorofa ya chini, mlango wa tatu kushoto, ukipita bendera yenye wingu usisimame wima. Acha kusoma. Inuka uende.